Paka Anatapika, Maman Eulalie Anafukuzwa

Maman Domitille, mshauri wetu wa gazeti la parokia,

Nakusalimu kwa heshima, na ninaomba msaada wako kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, maana baada ya hapo msaada utakuwa umechelewa. Sista anayetufundisha kuandika alituambia kwamba barua nzuri husema jambo moja, kwa utaratibu, bila kulia, nami nitajaribu, lakini jambo langu ni mawili, paka na mtu, na sijui nianze na yupi, kwa hiyo nitaanza na paka kwa sababu ndiye aliyeanza.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari. Tunakaa Ibanda, hapa Bukavu: Papa, Maman, mimi na Koko, yaani mama mzazi wa Papa, ambaye alihamia kwetu vita vilipofika kijijini kwake. Paka wetu anaitwa Ministre, yaani Waziri. Papa ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu, alisema, anakula wa kwanza, analala mchana kutwa, na hakuna anayejua kazi yake, ingawa Maman amekataza tusimwite kwa sauti kubwa wanajeshi wanapopita barabarani. Kusema kweli kazi anayo. Tangu mjomba wetu, Tonton Télesphore, atuletee paka huyu kutoka Nyantende, panya hawagusi tena unga wetu, na siku hizi mtu anajua maana ya unga.

Shida yake ni kwamba anatapika. Si kila siku. Anaweza kukaa hata wiki nzima akiwa mzima, anaruka, anacheza na kamba ya viatu vya Papa, halafu utamsikia ghafla anakohoa kikohozi kisichotoka, tumbo linaingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi, anarudi kinyumenyume hadi afike mahali pasafi, maana haendi pachafu kamwe, na hapo anatoa, wakati mwingine chakula kizima kama alivyokimeza, wakati mwingine povu tu, na wakati mwingine kitu kirefu cha kijivu kama utambi wa taa. Akimaliza anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliofanya, kisha anakwenda jikoni kuuliza kama kuna kitu cha kula. Mwanzoni hofu yangu ilikuwa hiyo tu, kwamba siku moja atatapika na hatasimama tena, na nilikuwa nikimwombea, ingawa sijui kama inaruhusiwa kumwombea paka.

Sasa nakuja kwa mtu. Nyuma ya nyumba yetu kuna nyumba ndogo, tunaiita aneksi, na humo anakaa Maman Eulalie pamoja na binti yake Bintu, ambaye tunasoma naye darasa moja na tunakaa benchi moja. Walikimbia kutoka Nyangezi. Baba yake Bintu, Papa Venant, aliimba kwaya moja na Papa wakati wa ujana wao, na siku ile ya kukimbia alibaki nyuma kutafuta ng'ombe wao, na hadi leo hakuna aliyetuletea habari zake. Hakuna aliyewadai kitu kwa ajili ya aneksi, lakini Maman Eulalie hawezi kukaa bure, hiyo ndiyo tabia yake, kwa hiyo kila baada ya siku chache anagonga mlango wa jikoni akiwa na sahani iliyofunikwa, leo sombe ya majani ya muhogo, kesho maharage, siku nyingine sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa na vitunguu hadi harufu inafika barabarani. Na kwa sababu alilelewa vizuri, anafanya kama inavyofanywa kwetu: kabla ya kutukabidhi sahani anachukua kijiko, anaonja mbele ya macho yetu, ndipo anaitoa, kama vile mwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anavyokunywa kwanza yeye kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni aone kwamba mkono ni safi.

Mwanzoni Koko alikuwa anakula na kulamba vidole. Baadaye yakaja maneno ya karuho, ile sumu ya kutiliwa chakulani. Wewe unajua, Maman Domitille, jinsi watu wanavyosema hapa mjini, huyu amekufa kwa karuho, yule amekonda kwa karuho, siku hizi mtu akikohoa tu anaulizwa alikula wapi na nani alimpa. Sitaki umdhanie Koko vibaya. Mdogo wake alikunywa kinywaji kwenye arusi, akarudi nyumbani akishika tumbo, hakusimama tena, na Koko ndiye aliyembeba. Sasa mwenzake mmoja wa kikundi cha sala akamwambia kwamba wenye sumu siku hizi wanakunywa dawa yake kwanza nyumbani, kwa hiyo kuonja kwao si kitu, wanaweza kuonja hata sufuria nzima.

"Sasa nani ataonja, maman?" Papa akamuuliza, akicheka. "Miye? Nikikufa, nani atalipa shule ya huyu mutoto?"

Koko hakucheka. "Iyo paka ionje," akasema. "Si inakulaka bure?"

Papa alifikiri ni mzaha, sisi sote tulifikiri hivyo, lakini sahani ilipokuja tena Koko alimwita Ministre, akamwekea fungu lake juu ya kifuniko cha sufuria, na tangu siku hiyo ndivyo tunavyokula. Tena Koko alisema kwamba paka mwenye kushiba anachagua, hatatuonyesha ukweli, kwa hiyo siku anazosikia Maman Eulalie anatwanga sombe, hataki Ministre apewe kitu tangu asubuhi. Sahani inakuja, paka anavamia kifuniko na kumeza bila kutafuna, na sisi tunakaa tukimtazama. Chakula kinapoa. Maman anaangalia dirisha kwa aibu, asije Maman Eulalie akapita na kutuona tumekaa mbele ya paka kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mara nyingi hakuna kinachotokea, na tunakula. Lakini siku moja alitapika. Papa akasema ni bahati mbaya tu. Baada ya siku kadhaa walikuja sambaza, naye akatapika tena, palepale mbele ya kiti cha Koko, na Koko akasimama.

"Munaona? Munaona sasa?"

"Maman, paka zinatapikaka," Maman akasema polepole.

"Aa! Na mbona chakula yako haiitapikake? Niambie. Ya huyu mama anaitapika, yako anaiacha mu tumbo. Sababu gani?"

Maman akaanza kukusanya sahani, kwa sababu kwa kadiri alivyojua yeye, ilikuwa kweli.

Maman Domitille, haikuwa kweli. Ministre anatapika chakula cha kila mtu bila ubaguzi. Ametapika maharage ya Maman. Ametapika viazi alivyopika Koko mwenyewe. Ametapika wiki ile ya mvua kubwa ambapo Maman Eulalie hakuleta hata kijiko. Alitapika chini ya kitanda changu, nyuma ya gunia la unga na ndani ya kiatu changu cha shule, na mimi ndiye ninayejua kwa sababu mimi ndiye ninayefuta. Ninafuta kwa majivu na kitambaa cha zamani kabla mtu hajaona. Nilianza kufanya hivyo zamani, kabla ya maneno yote ya karuho, kwa sababu alipokuwa bado mdogo alichafua kikwembe cha Koko cha Jumapili, na Koko akaapa kwamba akirudia ataingia guniani na kurudi alikotoka. Alikotoka sasa hakuna mtu wetu. Tonton Télesphore alihama, nyumba imefungwa, na watu wa huko wana njaa, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo Koko alipouliza "sababu gani," jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nami nikalimeza.

Koko alimtaka Papa awaondoe, naye Papa hakumwambia Maman Eulalie habari ya sumu. Alimwambia kwamba kuna ndugu zetu wanakuja kutoka mbali na tutahitaji aneksi, kwa hiyo atafute mahali pengine kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi. Papa wangu si mwongo, na ndiyo maana alisema yote hayo akitazama viatu vyake. Maman Eulalie akajibu, "Aksanti, papa. Mulitusaidia sana." Lakini sahani aliyokuwa amekuja nayo aliirudisha ikiwa bado imefunikwa, na nafikiri ameelewa.

Shuleni nilimuuliza Bintu watakwenda wapi.

"Tutarudia Nyangezi."

"Lakini barabara iko mubaya."

"Najua. Si njo sababu tulikimbia?"

"Sasa mutafanya namna gani?"

"Unaniuliza miye?" Bintu akasema. "Uliza baba yako. Uliza na bale bandugu yenu benye kukuja, kama batapita njia gani."

Halafu alinikatia nusu ya muhindi wake wa kuchoma kama siku zote, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nimejaribu kusema. Nilimfuata Papa barazani, akaniuliza kama nimemaliza hesabu, nikasema bado, nikarudi ndani. Nilimfuata Koko, nikamkuta anasali rozari, na nia ya sala yake ilikuwa ulinzi wetu sisi. Sista alitufundisha kwamba mtu ni zaidi ya mnyama, najua, huna haja ya kuniambia, ninajua kipi ni kizito. Lakini bado natumaini kwamba kuna njia ambayo sitalazimika kumtoa mmoja ili kumwokoa mwingine. Naomba uniambie kama Ministre ni mgonjwa kweli, na kama atakufa, na niseme namna gani, na niseme kwa nani kwanza. Jina langu kamili nimeliandika nyuma ya bahasha kwa ajili yako tu. Gazetini andika O., na wengine uwape majina mengine.

Mimi binti yako mwenye wasiwasi,
O., Ibanda


JIBU LA MAMAN DOMITILLE

Binti yangu O.,

Barua yako niliikuta kwenye sanduku letu baada ya misa. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na Jumapili yako haisubiri mtu wa kuchapa, kwa hiyo jibu hili nilikuandikia kwanza kwa mkono, likapitia kwa Sista wako. Wengine wanalisoma leo kwa sababu nyumba yenu si nyumba pekee hapa Bukavu ambamo chakula kinapoa kwa hofu.

Tuanze na paka, kama ulivyoanza. Ministre hafi. Pumua.

Nimefuga paka tangu nikiwa msichana, lakini sikutaka kukujibu kwa kichwa changu peke yake, kwa hiyo nilimsomea daktari wa mifugo maneno yako jinsi ulivyoyaandika, naye alianza kutabasamu kabla sijafika mwisho. Ule utambi wa kijivu ni manyoya yake mwenyewe. Paka anajilamba kutwa nzima, anameza manyoya, yanajikusanya tumboni, na yakizidi anayatoa. Ndivyo anavyojisafisha, ukimwona anatafuna majani ya uani usimfukuze. Chakula kinachotoka kizima kama kilivyoingia ni cha paka aliyekula kwa pupa. Na paka anayetapika mara mojamoja, kisha akaenda jikoni kuomba chakula kingine, akaruka na kucheza na kamba za viatu, huyo ni paka mzima. Ukimwona anatapika tena na tena siku hiyohiyo, au anakataa kula na kunywa, au anakonda, au anatoa damu, au anajificha pembeni hataki kuguswa, hapo usikae na sala tu, mtafutieni daktari wa wanyama. Sala kwa paka inaruhusiwa, kwa maoni yangu. Fransisko mtakatifu hatatushtaki.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa nitapandisha sauti. Mnamshindisha paka na njaa. Kisha mnampa sambaza wa mafuta na vitunguu, na kitunguu si chakula cha paka hata siku moja, daktari anasema kinaharibu hata damu yake. Au mnampa sombe yenye mawese na pilipili. Anameza bila kutafuna, huku watu wanne wamemkodolea macho. Akitapika, mnasema ni mkono wa mwanamke wa Nyangezi! Hata mimi ningetapika. Ni kipimo chenu kinachomtapisha, si chakula cha Maman Eulalie.

Sitakuambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumdhuru mwenzake kwa chakula. Wala sitamcheka Koko wako. Aliyembeba ndugu yake mikononi hachekwi. Lakini muulize kwa upole: hao wanaosimulia karuho husema kwamba inaua taratibu, mtu anakonda mwezi baada ya mwezi. Sasa paka aliyekula saa ile na kutapika saa ile, halafu akaendelea kunenepa, anashuhudia nini? Hashuhudii kitu. Paka si maabara. Tumekaa na vita hivi muda mrefu hadi tumejifunza kuogopa mkono unaotulisha, na ule unaotunyang'anya tunaupigia magoti. Hilo lazima tulikatae, na pa kuanzia kulikataa ni mezani kwetu.

Sasa nakuja kwako. Ulipofuta matapishi kwa sababu ya gunia, hukumkosea mtu, ulimpenda paka. Ila tangu Koko alipouliza swali lile nawe ukalimeza jibu, kila unapofuta sakafu unampaka Maman Eulalie uchafu huohuo. Unasema unajua kipi ni kizito. Basi, binti yangu, mzigo mzito haujulikani tu, unabebwa. Sikuandikii haya ili ulie. Una akili, umefundishwa vizuri, na katika nyumba nzima ni wewe peke yako mwenye ushahidi. Simama.

Utafanya hivi. Utasema leo, wakati wa chakula, mbele ya Papa, Maman na Koko kwa pamoja. Usimfuate mmoja barazani na mwingine kwenye rozari, ndiyo maana umeshindwa. Usianze na "mmekosea." Anza na macho yako: nimeona Ministre ametapika mahali fulani, chakula kilikuwa cha fulani. Ukifika kwenye viazi vya Koko, usipunguze sauti. Kisha ukubali kwamba ulificha, na useme kwa nini. Kuhusu paka, omba awe chini ya uangalizi wako. Utamchana manyoya kwa kitana cha zamani ili asiyameze mengi, utampa kidogo kidogo, sambaza wake awe wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, na akichafua utasafisha mchana, mbele ya kila mtu, bila kificho. Sioni bibi atakayemtia guniani paka anayelinda unga wakati kama huu.

Kwa Papa wa O., kama anasoma, na ninatumaini anasoma: ndugu yangu, wewe huamini habari ya sumu, ndiyo maana hukuweza kuitamka. Ulitaka amani na mama yako, ukainunua kwa makao ya mtu mwingine. Ile barabara ya Nyangezi unaijua. Nenda ukaongee na Maman Eulalie wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Na msimalizie kwa maneno. Kuonja kwetu hakukuwekwa ili mmoja aonje na wengine wamtazame. Aonjaye kwanza anawaita wengine waje wale. Wekeni sahani moja katikati, mle wote kwa wakati mmoja, na anayeogopa aogope huku anatafuna.

O., umemaliza kusoma. Kunja karatasi, nenda mezani.

Maman Domitille


ALIVYOTUANDIKIA O. KABLA GAZETI HALIJACHAPWA

Maman Domitille,

Nisamehe, nililisoma jibu lako mara tatu kabla ya kulikunja, lakini nilikwenda.

Nilisimama kama tunavyosimama darasani kusema shairi, mikono nyuma, na Papa akafikiri ni kazi ya shule. Nikasema chini ya kitanda. Nikasema nyuma ya gunia. Nikasema kiatu, na maharage ya Maman, na wiki ya mvua. Nilipofika kwenye viazi, Koko alikiweka chini kijiko chake.

"Yangu pia?"

"Yako pia, Koko."

"Viazi vyangu?"

"Viazi vyako, Koko. Tena vingi."

Papa aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Maman alishindwa kabisa, alicheka hadi akafuta machozi kwa kikwembe, na nafikiri machozi hayakuwa ya kicheko tu. Koko hakucheka.

"Na weye ulinyamaza," akasema.

"Ndiyo, Koko. Niliogopa gunia."

Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akamtazama Ministre aliyekuwa amelala dirishani. "Gunia ilikuwa maneno," akasema. "Mutu muzee anasemaka tu. Ungeniuliza." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mudogo wangu hakukula viazi. Miye nilimupikia viazi, akakatala, akaenda ku arusi." Maman akasogeza kiti chake karibu naye.

Papa ndiye aliyesimama kwanza. Alitoka nje kwenye mvua bila koti, akaenda aneksi. Sikusikia aliyoyasema huko, lakini Bintu aliniambia kwamba alianza tena habari ya ndugu wanaokuja, akakwama, akasema, "Hapana. Nilikudanganya." Na Maman Eulalie akamjibu, "Nilijua, papa. Batu benye kungoja bageni banafagia nyumba, banatafuta makala ya kupikia. Mweye hamukuleta hata gunia moja ya makala." Bintu anasema walicheka wote wawili, na kwamba baadaye Papa alimwomba msamaha, akimtazama usoni.

Walikuja na sufuria ya sombe. Maman aliweka sahani moja kubwa katikati ya meza, na bugali pembeni, na tukabanana, mimi na Bintu kwenye kiti kimoja. Maman Eulalie akachukua kijiko ili aonje kwanza, kama anavyofanya siku zote. Koko akamshika mkono.

"Acha. Leo ni miye."

Akamega bugali, akachovya, akaweka mdomoni. Sote tulikuwa tunamtazama, hata Papa. Alitafuna taratibu, akameza.

"Chumvi iko kidogo," akasema.

"Kesho nitaongeza, maman," Maman Eulalie akamjibu, na sote tukaingiza mikono sahanini.